Saketi yangu inasema 5 kutoa 3 ni 1. Hii kozi ya mantiki ya kidijitali inanimaliza

Biti_Sufuri

Wakuu, habari za muda huu.

Niko mwaka wa kwanza, na muhula huu tuna kozi ya utangulizi wa mantiki ya kidijitali na usanifu wa kompyuta. Wiki za mwanzo nilikuwa natamba tu. Namba za jozi (za 0 na 1 tu), jedwali la ukweli, mageti ya AND, OR, NOT (saketi ndogo zinazopokea 0 na 1 na kutoa jibu moja), nikasema huu ni mteremko. Tukaingia ramani za Karnaugh (majedwali ya kupunguza mageti kwa kuchora makundi), nikaanza kukariri. Sasa tuko kwenye rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa) na asembli (lugha ya maagizo ya prosesa), na sioni kabisa haya mambo yanakutania wapi. Naona kama ni kozi tatu zimefungwa furushi moja.

Kilichonileta hapa ni kazi ya maabara. Tunatakiwa kuunda kwenye simuleta saketi ya biti 4 inayojumlisha na kutoa. Kuna swichi moja: ikiwa 0 inajumlisha, ikiwa 1 inatoa. Kujumlisha iko safi, nimejaribu mpaka nimechoka. Kutoa sasa:

5 - 3 = 1
7 - 2 = 4
6 - 6 = 15

Nimekagua nyaya moja moja. Nimefuta kila kitu nikaanza upya, majibu ni yaleyale. Nisaidieni. Na mwenye moyo anieleze pia kwa nini mtu anayetaka kuandika programu ateswe na mageti.

NANDtu

Nimekaa siti ya mbele, nasubiri darasa.

kashe_tupu

Hebu angalia majibu yako vizuri. Yote yamepungua moja. Hata hiyo 6 - 6: ilitakiwa 0, na ukishuka hatua moja chini ya 0 kwenye biti 4 unaangukia 15. Waya ukikatika unapata majibu ya ajabuajabu. Hili kosa lako lina nidhamu, linakosea kwa kiasi kilekile kila mara. Tafuta mahali ambapo 1 ilitakiwa kuingia haikuingia.

Mzee_wa_Rejista

Swali moja tu kijana, kabla sijasema kitu. Kwenye biti ya kwanza kabisa, ile ya mwisho kulia, umeweka kijumlishi cha aina gani?

Biti_Sufuri

Shikamoo mzee. Nimeweka nusu kijumlishi, kile kinachojumlisha biti mbili tu. Pale mwanzo hakuna biti ya kubeba inayotoka popote, kwa hiyo kuweka kijumlishi kamili niliona ni kuharibu mageti. Mhadhiri alisisitiza tupunguze mageti kadiri tunavyoweza.

Mzee_wa_Rejista

Marahaba. Basi umejiroga mwenyewe kwa ubahili. Tulia hapo.

Saketi yako haijui kutoa. Hakuna geti la kutoa mle ndani. Inachojua ni kujumlisha, na sisi tunaidanganya. Chukua saa ya mshale ukutani. Ukitaka kuurudisha mshale nyuma saa 3, unaweza kuusogeza mbele saa 9, utaishia palepale, kwa sababu duara lina namba 12. Duara lako wewe lina namba 16, kuanzia 0 hadi 15. Kurudi nyuma hatua 3 ni sawa na kwenda mbele hatua 13. Kwa hiyo 5 - 3 tunaifanya 5 + 13, inakuwa 18, duara linazunguka, unabaki na 2.

Sasa hiyo 13 inatoka wapi bila kutoa? Hapa ndipo utamu ulipo. Andika 3 kwa biti 4: 0011. Geuza kila biti: 1100. Ukijumlisha hizo mbili unapata 1111, yaani 15, na itakuwa 15 kwa namba yoyote utakayoanza nayo, kwa sababu kila mahali penye 0 mwenzake ana 1. Ina maana kugeuza biti za 3 kumekupa 15 - 3. Wewe ulihitaji 16 - 3. Imepelea 1. Ndiyo maana kijalizo cha mbili, yaani njia hii ya kuandika namba hasi, kinafundishwa kwa wimbo wa "geuza, ongeza moja". Watu wanaimba, hawaulizi hiyo moja ni ya nini.

Bila shaka kwenye saketi yako umeweka XOR nne, upande mmoja namba B, upande wa pili ile swichi. Swichi ikiwa 0, XOR inaipitisha biti kama ilivyo. Ikiwa 1, inaigeuza. Safi kabisa. Lakini "ongeza moja" hukuifanya popote, na huwezi kuifanya, kwa sababu umeondoa tundu la kuiingizia. Nusu kijumlishi kina matundu mawili tu. Kijumlishi kamili kina la tatu, la biti ya kubeba. Weka kijumlishi kamili pale mwanzo, kisha chukua waya wa ileile swichi, uuchomeke kwenye tundu la kubeba. Ukijumlisha, swichi ni 0, tundu linapata 0, hakuna kinachobadilika. Ukitoa, swichi ni 1, XOR zinageuza na tundu linaongeza moja. Waya mmoja, kazi mbili.

Biti_Sufuri

Duh.

Nimebadilisha sasa hivi. 5 - 3 = 2. 7 - 2 = 5. 6 - 6 = 0. Nimecheka peke yangu chumbani mpaka jirani kagonga ukuta.

Kumbe "beba moja" ya shule ya msingi ndiyo ilikuwa inanisubiri huku. Nusura nibebe na kozi yenyewe.

kashe_tupu

Hongera mkuu. Ila nikiri, mimi nilimaliza kozi kama hiyo nikiwa nimekariri kila kitu na nikafaulu. Ramani za Karnaugh sijazigusa tena tangu siku ya mtihani. Kazi hiyo inafanywa na programu, tena kwa vigeu mamia. Kwa mkono ukifika vigeu vitano tayari unahangaika, sita ni mateso. Kwa maoni yangu wangezitoa kwenye mtaala, muda huo wafundishe kumbukumbu na paipulaini (prosesa kushughulikia maagizo kadhaa kwa hatua zinazopishana).

fundi_saketi

Dada hapo sikubaliani na wewe, tena ngoja nikuonyeshe, kwa sababu ni ugonjwa uleule wa huyu mdogo wetu na nusu kijumlishi chake.

Karnaugh aliichapisha ile ramani mwaka 1953, na ujanja wake wote uko kwenye mpangilio wa vichwa: 00, 01, 11, 10. Wanafunzi wanauona ni usumbufu, wanajiuliza kwa nini si 00, 01, 10, 11. Ni kwa sababu ukihama kisanduku kimoja kwenda cha jirani, inabadilika biti moja tu. Kwa hiyo jicho lako linaona kitu ambacho mlinganyo unaficha.

Chukua saketi ya kuchagua: A ikiwa 1 toa B, A ikiwa 0 toa C. Mageti: A AND B, halafu NOT A AND C, yote mawili yanaingia kwenye OR. Fupi, safi, huwezi kupunguza zaidi. Sasa weka B = 1 na C = 1. Vyovyote A itakavyokuwa, jibu ni 1. Si ndiyo? Hebu ibadilishe A kutoka 1 kwenda 0. Geti la juu linazimika papo hapo. La chini linasubiri NOT imalize kugeuza. Katika huo upenyo mdogo mageti yote mawili yanatoa 0, na tokeo linadondoka hadi 0 kisha linarudi 1. Jedwali la ukweli linakwambia haiwezekani, lakini osiloskopu, chombo kinachochora umeme unavyopanda na kushuka, inakuonyesha ikitokea.

Kwenye ramani unaliona bila osiloskopu: makundi mawili ya 1 yamekaa ubavu kwa ubavu bila kuingiliana. Dawa ni kuongeza kundi la tatu, B AND C, linalofunika mpaka. Kwa hesabu ni geti la bure, halibadilishi jibu lolote. Kazi yake ni kushikilia 1 wakati wale wawili wanapokezana. Kwa hiyo "punguza mageti" ni ushauri wa mtihani, usiubebe kama imani.

NANDtu

Sasa hapo nina swali. Kama matokeo yanaweza kudondoka na kurudi hivyo, kompyuta inafanyaje kazi? Si itasoma takataka muda wote?

fundi_saketi

Inazalisha takataka muda wote, ni kweli. Haizisomi tu. Saa, yaani mapigo ya umeme yanayopanda na kushuka kwa mpangilio, ipo kwa ajili hiyo.

Rudi kwenye kijumlishi. Jumlisha 1111 na 0001. Biti ya kubeba inazaliwa kulia, inapita kwenye kijumlishi cha pili, cha tatu, cha nne. Kila mmoja anamsubiri jirani yake, na kila kituo ni kama mageti mawili. Kwenye simuleta unaona jibu limetokea mara moja, lakini kwenye chipu ni foleni. Ukijenga hivyohivyo kwa biti 32, biti ya kubeba inaweza kuvuka mageti 64 hivi kabla jibu halijatulia, na njiani humo linapita kwenye majibu mengi ya uongo.

Rejista zimejengwa kwa flipu-flopu, kila moja ikishika biti moja, na flipu-flopu aina ya D haitazami pembejeo yake mpaka saa inapopanda kutoka 0 kwenda 1. Pale ndipo inapiga picha. Kwa hiyo kanuni ni kwamba mapigo ya saa yaachane kwa muda unaozidi njia ndefu kuliko zote ndani ya saketi, pamoja na muda kidogo ambao flipu-flopu inataka pembejeo iwe imeshatulia kabla ya picha. Ukiharakisha saa kupita hapo, picha inatoka mtu akiwa amefumba macho.

Kwa prosesa ya 3 GHz, pigo moja ni theluthi ya nanosekunde. Mwanga wenyewe kwenye ombwe unaenda sentimita 10 tu katika muda huo. Ndiyo maana prosesa za kweli hazingoji foleni ya vijumlishi, zina mageti ya ziada yanayokokotoa mapema kama biti ya kubeba itafika au la. Tena mageti ya ziada, mdogo wangu, unaona?

Biti_Sufuri

Naona. Nakoma na ubahili.

Lakini wakuu swali langu la pili bado. Hii saketi na zile "add x3, x1, x2" za asembli zinakutana wapi? Tunatumia RISC-V, seti mojawapo ya maagizo ya prosesa.

Mzee_wa_Rejista

Afadhali mnatumia hiyo, imepangwa vizuri kwa kufundishia. Toa karatasi. Agizo la kujumlisha rejista ya 1 na ya 2, jibu liende rejista ya 3, kwa biti 32 ni hili:

0000000 00010 00001 000 00011 0110011

Kutoka kulia: biti 7 za kusema hili ni agizo la hesabu kati ya rejista. Kisha 00011, rejista ya kupokea, ya 3. Kisha 000, aina ya hesabu. Kisha 00001 na 00010, rejista za kusoma. Kila rejista imepewa biti 5 kwa sababu ziko 32. Sasa agizo la kutoa, "sub x3, x1, x2":

0100000 00010 00001 000 00011 0110011

Zipange moja juu ya nyingine, tafuta tofauti.

Biti_Sufuri

Biti moja tu. Ya pili kutoka kushoto.

Mzee_wa_Rejista

Biti ya 30, ukianza kuhesabu 0 kutoka kulia. Na wewe ulivyo na saketi ya biti 4 mezani, tofauti kati ya kujumlisha na kutoa ni kitu gani?

Biti_Sufuri

Swichi.

Subiri. Hiyo biti NDIYO swichi yangu??

Mzee_wa_Rejista

Karibu sana. Kwenye prosesa ndogo ya darasani, biti ya 30 inaishia kuwa ule waya unaokwenda kwenye XOR zako na kwenye tundu lako la kubeba. Haiendi moja kwa moja, inapitia kitengo cha udhibiti kwanza, kwa sababu kwenye agizo kama addi (kujumlisha rejista na namba iliyoandikwa ndani ya agizo lenyewe) biti hiyohiyo ni sehemu ya namba unayoijumlisha, na usingependa saketi ianze kutoa kwa sababu namba ni kubwa. Ndiyo maana pia hutakuta agizo la "subi" kule. Halina kazi: jumlisha namba hasi, yamekwisha.

Kwa hiyo agizo si maneno ambayo mashine inayasoma na kuyaelewa. Ni swichi 32 zilizopangwa kwenye mstari. Tano zinachagua rejista hii, tano ile, moja inageuza XOR. Saa ikipiga, rejista ya 3 inapiga picha. Pigo linalofuata, mstari mwingine wa swichi. Ulichokiona ni kozi tatu ni waya mmoja, unautazama kwa umbali tofauti.

kashe_tupu

Mimi nilifaulu bila kujua hili. Naomba nirudishiwe ada.

Mzee, vipi kuhusu wanaosema zamani kulikuwa na kompyuta isiyojua kujumlisha? Niliwahi kusikia nikadhani ni utani.

Mzee_wa_Rejista

Si utani. Ile ya Chuo Kikuu cha Manchester waliyoiita Baby, iliyoendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni 1948. Ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 32, kila neno biti 32. Kwa hesabu ilijua kutoa na kugeuza alama tu. Ukitaka A + B, unaipakia A ikiwa hasi, unatoa B, unapata hasi ya jumla, unaihifadhi, kisha unaipakia tena kwa kugeuza alama. Programu ile ya kwanza ilitafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha 2 kwa kipeo cha 18, ukiacha namba yenyewe, ikafanya kazi dakika 52. Kugawanya nako kulifanywa kwa kutoa, kutoa, kutoa.

Unaona walivyogeuza kibao. Wewe unatoa kwa kujumlisha, wao walijumlisha kwa kutoa. Duara ni lilelile.

fundi_saketi

Niongeze la maabara, maana mkitoka kwenye simuleta mtapewa bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea nyaya) na chipu za kweli, na huko kuna mizimu.

Mara yangu ya kwanza niliunda kihesabuji cha biti 4 kwa kitufe. Nabonyeza mara moja, kinaruka kutoka 2 hadi 5. Nabonyeza tena, kinaenda 6. Tena, 9. Nililaumu chipu, nikabadilisha chipu. Nikalaumu nyaya. Kumbe kitufe ni vipande viwili vya chuma, vikigongana vinadundadunda kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na flipu-flopu ina kasi ya kutosha kuhesabu kila mdundo. Kwangu mimi ni bonyezo moja, kwake yeye ni matatu. Inabidi uweke saketi ya kutuliza kitufe, mageti mawili ya NAND yaliyofungwa kwa kupishana yanatosha kwa swichi ya njia mbili.

Mzimu wa pili ni mguu wa chipu ulioachwa hewani. Mtu anadhani usipounganisha kitu ni 0. Kwenye chipu za CMOS mguu ulioachwa hewani si 0 wala si 1, unaokota umeme wowote unaopita. Nilikuwa na taa iliyowaka nikisogeza mkono na kuzima nikiutoa, wenzangu wakaniita mganga. Kila pembejeo usiyoitumia, ifunge kwenye 0 au kwenye umeme. Na kwenye 7400, chipu ya mageti ya NAND, umeme ni mguu wa 14, hasi ni wa 7. Ukizigeuza chipu itakuunguza kidole kabla haijafa.

Biti_Sufuri

Nimeandika yote kwenye daftari. Wakuu la mwisho. Kwenye saketi yangu niliweka taa ya tano kwa ajili ya biti ya kubeba inayotoka mwisho. Nikitoa 5 - 3, inawaka. Nikitoa 3 - 5, haiwaki, na jibu linakuja 14. Hiyo 14 nimeelewa, ni -2 kwenye duara. Ila taa kuwaka kwenye hesabu iliyokuwa sahihi inanichanganya. Niitoe?

Mzee_wa_Rejista

Usiitoe! Hiyo ndiyo taa yenye thamani kuliko zote kwenye ubao wako.

Kumbuka hutoi, unajumlisha 16 - B. Ukipata A + 16 - B, taa ya 16 inawaka ikiwa A haijazidiwa na B. A ikiwa ndogo, jumla haifiki 16, taa inabaki imezimwa, maana yake ulitakiwa kuazima na huna pa kuazima. Kwa hiyo ile taa inajibu swali: je, A ni ndogo kuliko B? Imezimwa, ndiyo. Imewaka, hapana.

Ulipokuja hapa uliuliza mtu wa programu mageti yanamhusu nini. Kila ukiandika "kama umri ni chini ya 18, fanya hivi", kwa namba zisizo na alama, prosesa inatoa, inatupa jibu, inatazama taa hiyo moja. Kwa namba zenye alama haitoshi, utahitaji kulinganisha biti ya kubeba inayoingia kwenye nafasi ya mwisho na inayotoka. Zikitofautiana, jibu limefurika, kama 7 + 1 inavyokuwa -8 kwenye biti 4. XOR moja tu nyingine.

Biti_Sufuri

Mrejesho wakuu, nimetoka kuwasilisha.

Mhadhiri kaweka namba zote mbili 0, swichi kaiweka 1. Matokeo yakaja 0000 na taa ya tano ikawaka. Mwenzangu wa kundi akashtuka, akaanza kuomba radhi kwamba saketi ina hitilafu, 0 kutoa 0 inabeba nini. Nikamzuia. Nikaandika ubaoni 0000 + 1111 + 1, nikamwambia mhadhiri taa iko sahihi, inasema 0 si ndogo kuliko 0.

Akaniuliza kwa nini kijumlishi cha kwanza ni kamili wakati alituambia tupunguze mageti.